Mwaka Niliobeba Maji ya Samaki

Siku ya tatu ya matanga ya Bi Mwamvua, mamkwe wangu wa zamani, nilikuwa nimekaa mkekani katika sebule yake ya Buyenzi, hapa Bujumbura, mgongo ukutani, wanawake wakimalizia kisomo, mara akasimama mlangoni mwanawe Shabani, ambaye aliwahi kuwa mume wangu. Nywele zimekuwa nyeupe na tumbo limemtangulia, lakini sauti ni ile ile, sauti ya mtu anayetangaza habari njema. Alikuwa akimtembeza binamu yake aliyetoka Uvira kwa ajili ya msiba. Akaunyooshea mkono ukuta ule ambao siku hizi una friji, akasema, "Hapa ndiyo nilikuwaga nafuga samaki za mapambo. Kaka, wee! Nilizifuga miaka na miaka. Watu walikuwa wanatoka mpaka Rohero kuja kuangalia." Binamu akatikisa kichwa kwa heshima. Mimi nikaing'ata ncha ya ushungi wangu nisije nikasema neno baya katika nyumba ya msiba.

Nilizifuga, anasema! Nilirudi nyumbani na neno hilo na likanikosesha hamu ya chakula. Shabani alinunua samaki, hilo sikatai. Alileta, aliwaita watu, alionyesha, akaondoka. Kufuga ni kazi nyingine kabisa, na aliyeweza kumsahihisha mbele za watu bila kukosa adabu ndiye tuliyekuwa tumetoka kumzika. Sasa nimebaki mimi. Basi naomba niyaseme yalivyokuwa, nitulie, nipate kupika.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa ndoa. Soko kuu lilikuwa bado limesimama pale mjini, halijaungua, na mimi nilikuwa bado na kiuno. Shabani alikuwa mfanyabiashara wa kwenda na kurudi: simu kutoka Dubai, vitenge kutoka Kigoma, chochote ambacho mtu alimwambia kinatoka. Kabla ya harusi aliniahidi nyumba ya vyumba viwili kule Kanyosha, na tangu hapo tukawa tunakaa kwa mama yake "kwa muda kidogo tu." Kila Ijumaa baada ya swala alikuwa akienda kuitazama nyumba. Mara ile ya juu ya barabara ina kisima kizuri, mara ile ya chini ina uwanja wa kuanikia nguo. Alirudi na sambusa ndani ya karatasi na hadithi mpya ya nyumba, nami nilikula sambusa nikaamini hadithi. Chumba chetu kilitengwa na sebule kwa pazia la maua ya zambarau, na cherehani yangu, niliyokuja nayo kutoka kwetu nikidhani nitashona sare za shule na kupata vyangu, ilikaa imefungwa shuka pembeni mwa kitanda, kwa sababu hapakuwa na pa kuifungulia. Usiku nikigeuka nilikuwa naipiga teke.

Jumamosi moja, nikichambua maharage barazani, pikapu ikaingia uani kinyumenyume huku Shabani akipiga makofi nyuma yake kama mtu anayeingiza meli bandarini. Juu yake palikuwa na sanduku la kioo lenye urefu wa kitanda, na meza yake ya chuma. Familia moja ya wageni kule Kinindo ilikuwa inarudi kwao na ilikuwa ikiuza vitu vya nyumbani. Watu wengine walinunua majiko. Wanaume wanne walilishusha, wakalisogeza mpaka mlangoni, na mlango ukakataa. Walijaribu kwa ubavu, wakajaribu kwa kuinamisha. Mwishowe Shabani akaazima nyundo kwa jirani, akang'oa mlango na fremu yake, akaegemeza vyote kwenye ukuta wa jikoni. Ndivyo Bi Mwamvua, aliyekuwa ameenda kumtazama mzazi mtaa wa pili, alivyorudi na kuikuta nyumba yake iko wazi kama banda.

"Shabani. Mlango wangu uko wapi?"

"Upo, mama. Umepumzika kidogo."

"Na kabati yangu ya vyombo?"

"Tumeweka kwa korido. Mama, ngoja uone. Hii inaitwa akwariyomu."

"Mi naona tangi."

"Ni ya samaki, mama."

"Samaki ya kula?"

"Ya kuangalia."

Bi Mwamvua alimtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye kucha ndefu zenye hina, na hakuwa akipandisha sauti, jambo lililofanya maneno yake yaume zaidi. "Ziwa iko pale," akasema, akinyoosha kidole upande wa magharibi. "Iko kubwa. Mungu hatozi kiingilio. Nenda ukaangalie."

Lakini Shabani alikuwa na mpango, na Shabani akiwa na mpango ni sawa na mtu mwenye homa, unangoja ipande ishuke. Sebule ya mama ingekuwa duka la maonyesho. Wenye mahoteli wangekuja, wenye majumba ya Kinindo wangekuja, kila mmoja angetaka sanduku la kioo lenye samaki wekundu, na yeye ndiye angekuwa mtu pekee mjini wa kuwaletea. Nilimuuliza nyumba ya Kanyosha imefikia wapi. Akasema, "Zaina, wee huoni? Hii ndiyo nyumba yenyewe. Hii ndiyo itazaa nyumba." Nikalitazama lile sanduku. Ndani yake palikuwa na vumbi na mjusi mkavu.

Samaki walikuwa kwa Madamu Spéciose, mjane wa Kinindo aliyefanya kazi wizarani mpaka akastaafu, na aliyewafuga kwa miaka mingi kwa sababu, alivyotuambia, mbwa wanabweka na wajukuu wanavunja. Nakikumbuka chumba chake kuliko vyumba vingi nilivyoishi. Mapazia yalikuwa yamefungwa, sakafu ya baridi chini ya nyayo, kikombe cha chai isiyo na sukari juu ya kitambaa cha kufuma, na ukutani masanduku matatu ya kioo ambayo ndani yake samaki walining'inia badala ya kuogelea. Sijawahi kuona viumbe kama wale. Matumbo ya mviringo kama machungwa, mikia mirefu inayowafuata kama shela, wengine na kofia ya nyama nyekundu kichwani, mmoja mweusi mwenye macho yaliyotoka nje kama ya mtu aliyesikia bei. Nilikiri moyoni kwamba ni wazuri. Pia niliona kwamba ni viumbe wasioweza kujisaidia kwa lolote, na ningepaswa kushtuka hapo hapo.

"Umeweka maji lini kwa tangi?" Madamu akauliza.

"Jana," Shabani akasema kwa fahari.

"Basi rudia baada ya mwezi na nusu."

Shabani akacheka. "Madamu, maji ni maji."

"Yampayinka! Maji si maji, mwanangu. Écoute, sikiliza. Hii samaki inakunya, sawa? Inakunya kuliko ukubwa wake. Ule uchafu ni sumu. Kwa maji ya zamani kuna vidudu, vidogo, havionekani, ndiyo vinakula ile sumu. Kwa maji mapya havijazaliwa bado. Ukiweka samaki leo, itaungua ndani ya choo yake yenyewe. Apana, sikuuzii."

Nilimwelewa mara moja. Mtu yeyote aliyewahi kuhamia nyumba ya mamkwe angemwelewa. Shabani alishukuru kwa adabu zote, na wiki ile ile akarudi kwake peke yake, akamwambia kwamba kumbe ana rafiki aliyempa maji yaliyokomaa, akaja nyumbani na mifuko minne ya nailoni iliyojaa hewa, maji na samaki. Aliwamimina mmoja mmoja huku akisema bismillahi.

Siku chache baadaye akaalika wageni, wanaume wawili wa Rohero ambao mmoja alikuwa na baa na mwingine alikuwa na shemeji mwenye baa. Nilishinda uani tangu asubuhi. Nilichoma mikeke, wale samaki wa ziwani, juu ya mkaa, nikawapaka ndimu na pilipili, nikapika sombe ya majani ya muhogo kwa mawese, na wali, na moshi wote wa jiko ukanikaa machoni. Nilipoingiza sinia, wageni walikuwa wamekaa wakiitazama tangi, taa yake ikiwaka, na ndani mambo yameshaharibika. Samaki wote walikuwa juu, midomo nje ya maji, wakimeza hewa kama watu walioitwa kizimbani. Wageni walikula samaki wakiwatazama samaki. Mwenye baa akaacha mfupa wake katikati ya safari ya kwenda mdomoni.

"Shabani, huyu mwenye kofia mbona amelala chali?"

"Anapumzika," Shabani akasema.

Kutoka nyuma ya pazia la korido, ambako alikuwa akila huku ubavu wa kabati lake umemgusa bega, sauti ya Bi Mwamvua ikasema taratibu, "Amepumzika kama mlango wangu."

Mgeni mmoja alicheka mpaka akapaliwa na mwiba, ikabidi nimmegee tonge kavu la wali alimeze bila kutafuna. Hakuna aliyeagiza tangi. Kesho yake tulizika wawili chini ya mpapai, na siku iliyofuata Shabani akafunga begi, akaniambia ana mzigo wa haraka Dubai, akanibusu kipajini na kusema, "Uchunge maji." Alisema hivyo kama mtu anayesema uchunge mlango. Mlango wenyewe ulikuwa bado haujarudishwa sawasawa. Uliporudi uliburuta sakafuni, na unaburuta mpaka leo.

Waliobaki walikuwa wawili: yule mweusi wa macho, ambaye Bi Mwamvua alimwita Shefu kwa sababu alifanana na mkuu mmoja wa mtaa aliyekuwa akiwachungulia watu, na mmoja mweupe mwenye mkia mrefu, ambaye nilimwita Bibi Harusi kwa hasira zangu mwenyewe. Niliwatia kwenye ndoo, nikafunika kwa kanga, nikapanda teksi ya kuchangia hadi Kinindo kuwarudisha. Maji yalinimwagikia mapajani safari nzima na abiria wa pembeni akasogea mbali nami kwa kunihurumia. Madamu Spéciose aliponiona getini na ndoo alijua. Nilimweleza. Nilipofika mahali pa rafiki mwenye maji yaliyokomaa, akafumba macho.

"Alinidanganya nikiwa nimekaa ndani ya kiti yangu," akasema. "Na alikunywa chai yangu."

"Wachukue, Madamu. Mi siwezi."

"Oya, apana. Nikiweka hawa kwa wangu, wanaambukiza wote. Kaa chini." Akanipa chai ile isiyo na sukari, na nilipokuwa nikihangaika kuimeza akafungua chujio la tangi lake, akatoa kipande cha sponji cheusi, kinateleza, kinanuka matope, akakifunga kwenye mfuko na maji kidogo, akaniwekea mapajani palipolowa. "Hii uchafu ni mali. Vidudu viko humu. Weka kwa chujio yako. Usikioshe na maji ya bomba hata siku moja, utaviua. Maji ya bomba ina dawa, iache kwa karai wazi mpaka kesho yake ndiyo unaweka. Toa maji kidogo, weka kidogo. Usitoe yote. Na chakula, punguza. Hawa ni kama wanaume, wataomba hata kama wameshiba."

Hivyo ndivyo nilivyoolewa mara ya pili, na tangi. Bomba la uani lilitoa maji asubuhi tu, tena si kila asubuhi. Nilijaza makarai, nikayapanga kwenye korido yakae wazi mpaka dawa itoke, na Bi Mwamvua akawa anayaruka kwenda msalani, ameshika kanga yake juu, akimwomba Mungu amwondolee mtihani huu au amwondoe yeye. Umeme ulipokatika, na ulikatika mchana wa jua kali wakati joto la Bujumbura linaingia hata ndani ya mifupa, pampu ilinyamaza na samaki wakapanda juu kuvuta pumzi. Basi nilipanda kigoda, nikachota maji kwa jagi, nikayamimina kutoka juu ili yaingie hewa, nikachota tena, nikamimina tena, mkono ukafa ganzi, maharage yakaungua jikoni. Nilinuka samaki. Nilisali nikinuka samaki. Mama mmoja wa jirani aliuliza kwa upole kama nimeanza kuuza ndagala.

Na wakati huo wote, Shabani alikuwa akirudi na kuondoka. Aliporudi kutoka Dubai nilimwambia tunahitaji pampu ya pili ya betri. Aliniletea ngome ya plastiki yenye bendera na mpiga mbizi anayetoa mapovu, ambaye hakutoa povu hata moja. Safari nyingine alikwenda ufukweni akanunua samaki wadogo wa ziwani, wenye milia, wakali, wepesi kama wezi, akawatia humo ili "kuongeza maisha." Kufikia adhuhuri walikuwa wameula mkia wa Bibi Harusi ukabaki vipande vipande kama pazia la gereji. Niliwatoa kwa chujio la chai mmoja mmoja huku machozi yananitoka, na sikulia kwa ajili ya samaki. Shabani alisimama pembeni akinishauri jinsi ya kushika chujio. Kisha akasema ana safari ya Kigoma.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuacha tu wafe. Rafiki zangu waliniuliza hivyo hivyo. Nadhani ni kwa sababu katika nyumba ile kitu pekee kilichofanya nilivyotarajia kilikuwa yale maji. Siku moja asubuhi niliyakuta yamekuwa angavu, yametulia, hayanuki, na Shefu na Bibi Harusi wanazunguka chini wakipekua kokoto. Vidudu vya Madamu vilikuwa vimezaliwa. Nilikaa kitako sakafuni mbele ya kioo na kikombe cha chai ya tangawizi, na Bi Mwamvua akaja akakaa kwenye kigoda nyuma yangu. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema, "Shefu amenenepa," akaenda kuanika nguo.

Halafu Bibi Harusi akaanza kuogelea ubavu. Alielea juu kama kizibo, tumbo limevimba. Nilikimbilia kwa Madamu, naye akaniambia samaki wenye matumbo yale wanafunga choo, nisimlishe siku kadhaa, kisha nimpe njegere iliyochemshwa, imemenywa ganda, imesagwa kidogo. Siku ya kumlisha ilipofika, nilikaa barazani na kibakuli cha njegere, nikizimenya na kuziponda ovyo. Bi Mwamvua alinitazama kwa muda.

"Unamenyea nani?"

"Samaki, mama."

"Astaghfirullah." Akalivuta bakuli. "Lete hapa. Vidole vyako ni vikubwa, unaharibu." Na kwa zile kucha zake za hina akaanza kuvua maganda, njegere moja baada ya nyingine, laini, nzima. "Nimelea watoto sita," akasema bila kuinua macho. "Hakuna hata mumoja niliyemumenyea njegere." Baada ya nyingine chache akasema tena, "Ile tanuri pale uani, unayowekea kuni, unajua ni ya nini? Baba yake Shabani alitaka kuuza mikate. Tulikula mikate miezi miwili. Halafu akataka kuuza barafu." Akanipa bakuli. "Nilifikiri huyu atakuwa tofauti kwa sababu anapenda kucheka." Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia jambo ambalo halikuwa amri wala lawama. Bibi Harusi alikula njegere. Kabla ya siku ya pili kwisha alikuwa amesimama wima majini.

Mambo yalifika mwisho alasiri moja, nikiwa chumbani nyuma ya pazia la zambarau nikipiga pasi, Shabani akiwa Kigoma. Bi Ashura, mdogo wake Bi Mwamvua, alikuwa amekuja, na niliwasikia wakinywa chai na vitumbua, vijiko vikigonga vikombe. Kisha vijiko vikanyamaza.

"Dada, Shabani yuko wapi?"

"Kigoma."

"Mi nimemuona jana, Kanyosha. Nilienda kwa hitima. Akaingia kwa nyumba fulani, na ufunguo wake mwenyewe. Nikauliza jirani. Wanasema amepanga, miezi sasa."

Niliishikilia pasi hewani. Nilimsikia Bi Mwamvua akivuta pumzi. "Kuna mwanamuke?"

"Ndiyo nilitaka kujua. Wanasema apana, hawajaona mwanamuke. Wanaona ndoo."

Halafu nikamsikia mamkwe wangu akisema, kwa sauti ya uchovu ambayo sijaisahau, "Afadhali ingekuwa mwanamuke. Mwanamuke ningejua pa kwenda kumupigia makelele." Nilizima pasi, nikafungua pazia. Wote wawili walinitazama. Nilisema, "Mama, twende," naye akainuka akachukua buibui lake, Bi Ashura akatuelekeza nyumba.

Mwenye nyumba wa Kanyosha, mzee mkulima aliyekuwa akipalilia maharage yake pembeni mwa ukuta, alitufungulia kwa furaha kubwa, akilalamika kwamba kuta zake zinaota ukungu. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili. Dirisha la mbele lilitazama barabara, mahali hasa ambapo mtu angeweka cherehani ili wateja waione. Uwanja wa kuanikia nguo ulikuwepo. Yote aliyonihadithia nikila sambusa yalikuwa kweli. Na ndani, chumba cha kwanza, chumba cha pili, kila mahali, palikuwa na matangi: ya kioo, ya plastiki, mapipa yaliyokatwa nusu, beseni la kuogea mtoto. Maji ya kijani. Hakuna pampu iliyokuwa ikizunguka. Harufu ilitupiga usoni tukafunika pua kwa shungi. Samaki wengine walikuwa wameshaoza, na wengine walipotuona walikuja juu wote kwa pamoja, midomo inafunguka na kujifunga, wanaomba. Nilisimama katikati ya chumba ambacho kingekuwa chumba changu cha kulala, maji yameingia kwenye ndala zangu, na nilichojisikia si huzuni. Nilichoka. Nilichoka kama mtu aliyebeba ndoo mwaka mzima, akafika, akaambiwa kisima kilikuwa mlangoni.

Shabani mwenyewe akatukuta humo. Alikuwa na mfuko wa majani ya plastiki. Nitamsifu kwa hili: hakukimbia. Uso ulimng'aa.

"Zaina! Mama! Mumeharibu surprise yangu. Nilitaka muone ikishakuwa tayari. Hawa wakizaa tu—"

"Chumba cha kulala ni kipi?" nikamuuliza.

"Kipi?"

"Uliniambia vyumba viwili. Cha kulala ni kipi?"

Akageuka akatafuta, kana kwamba swali lilikuwa la kweli. "Hiki. Chenye tangi ndefu. Kina upepo mzuri."

"Toa maji," Bi Mwamvua akasema.

"Mama, zitakufa."

"Toa maji, Shabani. Ulimuahidi mutoto wa watu nyumba. Ukampa ndoo. Toa maji kabla sijakuvua hiyo kofia mbele ya jirani."

Tulifanya kazi mpaka magharibi, watatu, na Shabani alifanya kazi vizuri, kama afanyavyo kazi yoyote siku ya kwanza. Waliokuwa hai tuliwatia kwenye ndoo na kuwapeleka Kinindo, ambako Madamu Spéciose aliwapokea katika sinki lake la kufulia, akitukana kwa Kifaransa samaki mmoja baada ya mwingine. Maji yote machafu yalimiminwa kwenye maharage ya mzee, na msimu ule yalizaa mpaka akaja kuniuliza kama nina mengine. Kwa sababu wiki ile ile nyumba hiyo nilihamia mimi. Nilileta cherehani, godoro na kufuli mpya. Kodi nililipa kwa sare za shule. Shabani alikuja jioni chache, akala, akacheka, akaniambia habari za shamba fulani la uyoga, akaondoka; na talaka yetu ilipokuja ilikuja kwa upole, kama mtu anayerudisha chombo alichoazima na kusahau.

Tangi la Buyenzi lilibaki. Bi Mwamvua aliwafuga Shefu na Bibi Harusi, kisha wengine baada yao, na mimi nilikwenda kila Jumapili kumsaidia kubeba maji, hata nilipoolewa tena, hata nilipokuwa na mimba, mpaka mikono yake ilipoanza kutetemeka akanunua friji. Hiyo ndiyo "miaka na miaka" ya Shabani. Sasa nimeisema.

Lakini mwaka wenyewe uliishia jioni moja, nilipokuwa sijamaliza hata mwezi Kanyosha. Nilikuwa nimepika ugali na mboga za lengalenga zenye ndagala, nimekaa mlangoni kupunga upepo, nikamwona Bi Mwamvua akishuka barabarani peke yake, mrefu, ameshika kanga juu kwa mkono mmoja kana kwamba bado anaruka makarai. Mkono wa pili ulikuwa na mfuko wa nguo. Nilimpokea, nikamnawisha, nikampakulia. Alikula bila haraka. Akasema lengalenga zimezidi chumvi. Akatazama kuta, dirisha, cherehani, sare iliyokuwa nusu chini ya sindano. Nami nilikuwa nikiutazama mfuko.

"Kuna nini kule, mama?"

Alilamba vidole, akavifuta polepole.

"Ameleta sungura," akasema.

"Wangapi?"

"Usiniulize, mwanangu. Wako mpaka kwa kitanda yangu." Akavua ndala, akaingia chumba cha kulala bila kungoja kukaribishwa. "Nisogezee hilo godoro kwa ukuta. Kweli, kina upepo mzuri."